Nani Aliyelipia Sherehe Ile

Wengi wenu mlikuwepo, na ambao hamkuwepo mmeshasimuliwa. Filamu ya The Great Gatsby ilionyeshwa katika kibanda cha video hapa Bwera, hatua chache kutoka mpaka wa Uganda na Kongo pale Mpondwe, na ilipokwisha mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Kasese mjini akasimama mbele ya skrini akatoa hoja zake. Alizungumza vizuri, akapigiwa makofi. Tangu usiku ule hoja zile zimetembea. Nimezisikia kwenye stendi ya bodaboda, nimezisikia kwa mama anayeuza vitenge, nimezisikia hata nje ya kanisa baada ya ibada. Nimekaa kimya wiki tatu, nikakisoma tena kitabu chenyewe alichokiandika F. Scott Fitzgerald mwaka 1925, nikaitazama tena filamu ya Baz Luhrmann ya mwaka 2013. Sasa najibu. Mwalimu ninamheshimu. Ninachokipinga ni alichokisema, na ninyi wasomaji ndio mahakimu.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba filamu inausifu utajiri na kuwafundisha vijana kuabudu pesa. Niiweke kwa haki. Alisema kamera imezama kwenye karamu, magari, shampeni na vito, na kwamba vijana wa kibandani walipiga mbinja Gatsby, tajiri wa hadithi, aliporusha mashati yake ya hariri kutoka juu. Ni kweli. Nilikuwa benchi la tatu, na jirani yangu aliyevuka mpaka kutoka Kasindi alikuwa anayahesabu kwa sauti mpaka hesabu ikampotea. Lakini Mwalimu aliacha kutazama pale mbinja zilipoishia. Daisy, mwanamke ambaye Gatsby anampenda, analia juu ya mashati yale yale. Anahudhuria karamu moja, haimfurahishi, na Gatsby anazima taa za jumba zima na kuwaondoa watumishi. Mwishoni jumba lile lina jeneza moja na rafiki mmoja, na katika mamia waliokunywa pombe ya bure hakuna aliyekuja kuzika. Mtu anayekisifu kitu hakipeleki huko.

Tena kuna jambo ambalo Mwalimu amejifunga nalo mwenyewe. Robo saa baada ya hoja hii alilalamika kwamba filamu inawakatisha vijana tamaa, kwa kuwa inamuua mtu aliyejitahidi kutoka katika umaskini. Mahakimu, pimeni. Kama filamu inawavuta vijana kwenye pesa, haiwezi wakati huo huo kuwa inawatisha waikimbie. Hoja mbili zinazopingana haziongezi ushahidi. Zinaonyesha kwamba msemaji alikuwa na hasira na filamu kabla hajajua sababu yake.

Mnakumbuka pia kwamba katikati ya karamu kubwa, fataki zikiwa zinapasuka, skrini ilizima. Jenereta lilikuwa limeishiwa petroli. Kijana wa kibanda, ambaye sidhani kama ametimiza miaka kumi na sita, alitoka na chupa ya soda iliyojaa mafuta, akamimina gizani huku simu yenye tochi ameibana kwa meno. Sisi ndani tulikuwa tunamfokea afanye haraka, karamu inatusubiri. Petroli ilimmwagikia mkononi, akajifuta kwa suruali, akavuta kamba mara nne ndipo mashine ikawaka. Filamu yenyewe hakuiona, kwa sababu usiku kucha alikuwa nje akilinda jenereta. Nilipofika nyumbani na kukifungua kitabu, nilikutana na habari ambayo nilikuwa nimeisoma zamani bila kuijali: kila Ijumaa kreti za machungwa na malimau zinaletwa kwenye jumba la Gatsby, na kila Jumatatu maganda yake yanatoka kwa mlango wa nyuma yakiwa lundo, baada ya mtumishi kubonyeza kitufe cha mashine ya kukamulia mara mamia kwa kidole gumba. Fitzgerald hakutuonyesha wageni wanavyofurahia juisi. Alituonyesha maganda na kidole. Ninachodai katika makala hii yote ni hicho: swali la hadithi hii ni nani aliyelipia sherehe, na hoja za Mwalimu zote, moja baada ya nyingine, zinalikwepa.

Hoja ya pili: anasa ya filamu ni usaliti wa kitabu. Mwalimu alisema kitabu ni chembamba, hakifiki kurasa 200, kimeandikwa kwa utulivu, halafu amekuja mtu na zaidi ya dola milioni 100, picha za kurukia macho na muziki wa Jay-Z katika hadithi ya mwaka 1922. Wapo wengi duniani waliosema hivyo, na hoja hii ina uzito kuliko nyingine zote. Nakubali nusu yake. Filamu imekisaliti kitabu, ila haikukisaliti mahali anaponyosha kidole Mwalimu. Kelele za karamu zimo kitabuni. Zimeandikwa kwa orodha ndefu za vyakula, nguo, ala za muziki na majina ya wageni. Muziki wa kisasa nao una sababu: jazi ya mwaka 1922 ilikuwa muziki wa vijana uliowaudhi wazee, na sikio la leo haliudhiki tena na jazi. Mavazi na mandhari ya filamu hii yalipata tuzo mbili za Oscar, na sioni dhambi ndani yake.

Usaliti uko kwa mzee mmoja aliyeondolewa. Kitabuni, Gatsby anapokufa, anakuja baba yake. Anaitwa Henry Gatz, ametoka mbali, Minnesota, amejifunika koti refu la bei ndogo ingawa ni Septemba na joto bado lipo. Mkono unamtetemeka. Mfukoni ana picha ya jumba la mwanawe, imechakaa pembeni, imechafuka kwa kushikwa na mikono mingi. Amesimama ndani ya jumba lenyewe, na bado anatoa picha kuwaonyesha watu, kwa sababu amekwisha kuizoea picha kuliko jumba. Kisha anatoa kitabu cha zamani cha hadithi za wachunga ng'ombe ambamo mwanawe, akiwa mtoto, aliandika ratiba ya siku: saa ya kuamka, mazoezi, masomo, kuweka akiba kidogo kila wiki. Mzee anasoma kila mstari kwa sauti, na anamtazama mwenyeji wake kama anayetaka naye ainakili.

Katika filamu iliyofika kibandani mzee huyu hayumo. Kulikuwa na fedha za kujenga majumba upya huko Sydney, Australia, ambako picha zilipigwa, lakini dakika tano za baba maskini zikakosekana. Na mzee huyu mimi namjua. Nimemwona hapa Bwera, kwenye stendi ya teksi, amevaa koti la mvua jua likiwaka, akimwonyesha kondakta picha ya ghorofa kwenye simu. Nyumba ya kijana wangu, Kampala, alisema. Kondakta akamuuliza ina vyumba vingapi. Mzee akanyamaza, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu madirisha. Alikuwa hajawahi kulala humo. Angekuwepo Henry Gatz kwenye skrini, kibanda kizima kingenyamaza, na Mwalimu asingepata nafasi ya kusema maneno ya hoja yake ya tatu.

Kwani hoja ya tatu ni kwamba hadithi hii ni ya Wamarekani, matajiri wa New York, na Kasese haina lake humo. Wapendwa, nilishangaa hoja hii kutoka kwa mtu anayeishi Kasese mjini. Someni kitabu: Gatsby akiwa kijana wa miaka 17 aliokotwa na tajiri mmoja mwenye meli, Dan Cody. Utajiri wa Cody ulitoka wapi? Katika shaba ya Montana. Na Kasese ilitoka wapi? Ilitoka katika shaba ya Kilembe. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, mgodi wa Wakanada ukaichimba chini ya Rwenzori, ikasafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja na kutoka hapo ikaenda zake duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukakoma. Leo treni haifiki tena, na mji ulioanzishwa na reli umebaki na reli zilizoota majani.

Kitabu kina mahali panapoitwa bonde la majivu, kati ya majumba ya matajiri na jiji, ambako watu wa rangi ya vumbi wanaishi chini ya tangazo la macho makubwa yenye miwani. Mwandishi hakulibuni lote; lilikuwepo jalala la kweli la majivu ya makaa ya mawe huko Corona, Queens. Sisi je? Mabaki ya mgodi wa Kilembe yalimwagwa kando ya mto Nyamwamba. Marundo ya pairaiti yenye kobalti yalikaa Kasese miaka mingi, na maji ya mvua yaliyoyapitia yalitoka na tindikali, yakateremka kuelekea Mbuga ya Queen Elizabeth na kuacha ukanda wa ardhi ambao nyasi zilikataa kuota. Mwaka 1999 kampuni ikaanza kuyatibu marundo hayo kwa bakteria ili kupata kobalti, ikauza, marundo yalipokwisha ikafunga. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika, ikasomba nyumba, madaraja na uhai wa watu. Siku tisa baadaye, tarehe 10, filamu hii ilianza kuonyeshwa Marekani. Mwezi Mei 2020 mto ukarudi tena, safari hii ukaiharibu na hospitali ya Kilembe. Sisemi mafuriko yameletwa na shaba peke yake. Mlima na mvua vina sehemu yake. Nasema kwamba mabaki yaliachwa pale maji yanapopita na watu wanapoishi, na shaba haikubaki pale. Huwezi kuishi chini ya lundo kisha ukasema habari za lundo ni za Marekani.

Hoja ya nne ndiyo iliyopigiwa makofi mengi zaidi, na najua kwa nini. Mwalimu alisema: hata kama Gatsby alipata pesa kwa magendo ya pombe, kosa ni la sheria. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, ikaona upuuzi wake, ikaondoa marufuku mwaka 1933. Aliyewauzia watu walichokitaka hakumdhuru mtu. Akatugeukia: ninyi wa Bwera, nani kati yenu hakusomeshwa na magendo? Kibanda kikacheka na kupiga makofi, hata mimi nikacheka.

Tumpe haki yake. Magendo ni sehemu ya historia ya mpaka huu. Kahawa ya milimani imevushwa mto Lhubiriha usiku, chumvi na vitambaa vimerudi kwa njia hiyo hiyo, na kuna watu wazima wenye vyeti leo kwa sababu mama zao walilowa hadi kiunoni. Uganda nayo ilijaribu kuifungia pombe ya enguli kwa sheria katika miaka ya 1960, iuzwe kwa kiwanda chenye leseni tu, na watu waliendelea kuipika vichakani. Sheria mbaya zipo. Lakini Mwalimu amechanganya watu wawili ambao lugha yetu yenyewe ilishawatenganisha. Miaka ya 1970, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa waliokuwa karibu na mamlaka, watu waliwapa matajiri wapya jina: mafuta mingi. Mama mwenye gunia la kahawa kichwani hakuitwa mafuta mingi. Yeye alikuwa anavuka mto. Mafuta mingi alikuwa hagusi maji.

Sasa mtafuteni mafuta mingi katika hadithi. Gatsby si yeye. Aliye juu ni Meyer Wolfsheim, ambaye katika filamu anachezwa na Amitabh Bachchan. Gatsby akifa, Wolfsheim anakataa kuja mazikoni. Kitabuni, muda mfupi baada ya kifo simu inalia jumbani, na sauti inaripoti kwamba kijana mmoja amekamatwa akikabidhi hati za dhamana dirishani. Anayepiga hajui kwamba anayemtafuta ameshakufa. Hati za dhamana, mahakimu, si pombe. Hakuna kiu ya mtu iliyotulizwa kwa hati haramu. Kuna mtu aliyepoteza akiba yake. Kwa hiyo dai kwamba hakumdhuru mtu linaanguka kwa ushahidi wa kitabu chenyewe. Na anayekamatwa ni nani? Kijana wa dirishani. Mkubwa anaomboleza kwa mbali. Kama Mwalimu alitaka kutukumbusha magendo ya Bwera, angetukumbusha na hilo, kwa sababu kila mmoja pale ndani anamjua kijana aliyefungwa na gunia la mtu mwingine.

Hoja ya tano niliisikia kwa uchungu. Mwalimu alisema: mwanamke ndiye aliyemuua Gatsby. Daisy alimpenda kwa mashati, akamwacha, na vijana wajihadhari. Sina nia ya kumsafisha Daisy. Alikuwa ameshika usukani wa gari la njano lililomgonga Myrtle Wilson, hakusimama, akaacha mtu mwingine abebe lawama, hakutuma hata ua mazikoni. Hayo ni makosa mazito. Lakini shtaka ni la kuua, basi tufuate mikono. Aliyefyatua risasi ni George Wilson, mume wa Myrtle. Aliyemwambia Wilson gari ni la Gatsby ni Tom Buchanan, mume wa Daisy, na Tom huyu ndiye aliyekuwa akimchukua mke wa Wilson kwa siri. Alimtwalia maskini mke, kisha akautwaa uchungu wa msiba wake akautumia kama bunduki. Kitabu kinakuja kulifichua hilo mwishoni, wiki kadhaa baadaye, njiani, Tom akikiri bila aibu. Filamu inaliweka wazi mbele ya macho yetu, palepale gereji. Hakuna aliyekuwa kibandani anayeweza kusema hakuliona.

Na bado, katika maneno yote ya Mwalimu usiku ule, jina la Tom halikutajwa hata mara moja. Nilikuwa naandika, nimeangalia karatasi yangu tena. Gatsby mara nyingi, Daisy mara nyingi, Tom hakuna. Yeye ndiye mwenye utajiri wa kurithi, asiyefanya kazi katika hadithi nzima, anayevunja vitu na kuondoka, na ameondoka hata katika mjadala wetu. Myrtle naye hakutajwa. Aliuawa barabarani, kando ya majivu, na gari la anasa lililokuwa likikimbia. Barabara yetu ya kutoka Kikorongo hadi Mpondwe inajua vifo vya namna hiyo, na inajua swali la kwanza linaloulizwa kabla ya jina la marehemu: gari ni la nani? Wilson naye aliuliza swali hilo hilo, na jibu likamfikisha kwa mtu asiyekuwa na hatia ya kifo kile. Mwalimu amelijibu swali kama alivyojibiwa Wilson.

Hoja ya sita sitaikalia sana. Alisema kitabu ni cha wasomi wa vyuo, vijana wa kibanda wasipoteze muda, filamu inatosha. Fitzgerald alikufa mwaka 1940 akiwa na miaka 44 tu, nakala za chapa ya pili bado hazijauzwa, mwandishi wa hadithi ya utajiri akiwa na madeni. Kilichokiokoa kitabu kwa sehemu kubwa ni askari. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liligawa bure nakala zipatazo 155,000, ndogo za kutia mfukoni, na zilisomwa na wakulima, mafundi na madereva waliovaa sare, kwenye meli, kambini na hospitalini. Kama dereva wa lori la jeshi alikielewa, dereva wa bodaboda wa Bwera atakielewa.

Mwisho, Mwalimu aliomba filamu isionyeshwe tena mbele ya wanafunzi. Mimi naomba ionyeshwe. Nimezungumza na mwenye kibanda, amekubali Jumamosi moja mwezi ujao, kiingilio kilekile cha shilingi elfu moja. Filamu ikifika kwenye jeneza tutaisimamisha kidogo. Nimetafsiri kwa Kiswahili kurasa za Henry Gatz, za koti, picha na ratiba, na nitazisoma kwa sauti kabla hatujaendelea. Mwalimu nimemtumia ujumbe aje ajibu, na nafasi ya benchi la mbele nimemwekea. Petroli nitainunua mimi, galoni ijae kabla ya jioni, na kijana wa jenereta amekubali kuketi ndani.